Wali Tulioipikia Bodi ya Mishahara

Ndugu zangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike machache kuhusu miaka niliyotumikia idara ya kazi katika bonde la Kilombero. Mmependekeza nianze na vyeo nilivyopanda na jinsi mshahara wangu ulivyokua. Sehemu hiyo nimeiacha. Ingechukua mistari miwili, na mmoja ungekuwa wa masikitiko. Badala yake nitaeleza habari za siku ya kwanza, za mkubwa wangu wa kazi, za mashine moja ya kukoboa mpunga, na za mkutano mmoja ambao, kwa mujibu wa muhtasari nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, ulidumu muda mrefu kuliko wajumbe wake walivyokusudia.

Nilifika Ifakara nikiwa na cheti, suruali mbili na Kilatini kidogo. Kilatini nilikipata seminari, ambako niliacha wito lakini sikuacha tabia ya kusoma kila sentensi mara mbili. Tabia hiyo imenifaa katika sheria za kazi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu waajiri wengi husoma mara moja, na wafanyakazi wengi hawajapewa cha kusoma.

Aliyenipokea ni Mzee Kasiani, afisa kazi wa miaka mingi, mtu mwembamba aliyezaliwa Mahenge na kuteremkia bondeni kikazi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa anamenya muhogo juu ya meza ya serikali. Nilidhani nimemkuta kwenye mapumziko. Baada ya siku chache nikaelewa kwamba ule ulikuwa utayarishaji wa vifaa. Vifaa vya afisa wa ukaguzi, alinifundisha, ni vitano: pikipiki yenye mafuta, daftari la kurasa nyingi, kalamu mbili, kitabu cha Amri ya Mshahara kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, na chakula chake mwenyewe. Hakuweka chakula mwisho kwa bahati mbaya. Katika bonde hili hakuna anayekuacha uondoke kwake bila kula, na Mzee Kasiani alikwisha kushuhudia ripoti kadhaa za ukaguzi zikilainika kati ya sahani ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo yeye alikula mihogo yake akiwa ameketi juu ya pikipiki, mbele ya wenyeji waliokuwa wamechukia. Nami nikala hivyo hivyo kwa miaka yote. Nilipata sifa ya ubahili isiyonistahili.

Kwa atakayesoma haya bila kuwa mtu wa idara yetu, naomba nifafanue jambo moja. Amri ya Mshahara ni waraka wa serikali unaotaja kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Kiwango hicho hakifanani kwa wote: kilimo kina chake, viwanda vina chake, biashara ina chake, na kazi za majumbani, ambazo hulipwa kidogo kuliko zote, zina chake. Amri hukaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Bei ya chakula haisubiri kiasi hicho. Ndiyo sababu, kabla ya Amri mpya kutoka, bodi ya mishahara hupita mikoani kuwasikiliza waajiri na wafanyakazi.

Kazi yetu haikuwa ngumu sawasawa kila mahali. Huko Kidatu, wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliijua Amri kuliko mimi. Waliniambia kifungu, kisha wakanisubiri nikifikie. Kijijini Namawala, ambako watafiti wa malaria hufika kila mara, vibarua wa mpunga walikuwa hodari wa kunielezea mbu na wataalamu wanaowachunguza mbu, lakini swali la mshahara walilijibu kwa kicheko. Mahali palipoitumia akili yangu yote palikuwa Ifakara mjini, dakika kumi kutoka ofisini, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Bwana Severini.

Severini alikuwa mtu mnene, mcheshi, mzee wa kanisa, na alikuwa msomaji. Nasema hivyo kwa heshima. Alikuwa mwajiri wa kwanza niliyemkuta na nakala yake mwenyewe ya Amri, yenye mistari ya penseli. Mashine yake ilikuwa ndani ya ua wa nyumba yake, na ilikuwa na watu kumi na wawili. Wawili kati yao mtawahitaji katika habari hii. Wa kwanza ni Ustaadh Shabani, fundi mashine, aliyefundisha watoto madrasa jioni na kusikiliza injini mchana kwa umakini ule ule. Wa pili ni Skolastika, ambaye wote tulimwita Mama Skola. Yeye alipepeta mchele kwa ungo na kuutoa mawe, na mchele uliopita mikononi mwake uliuzwa kwa bei ya juu hadi Dar es Salaam.

Siku ya ukaguzi wa kwanza, Severini alitupokea mlangoni na kutueleza kwamba pale hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Wote walikuwa ndugu zake. Huyu mpwa, yule shemeji, wale binamu; walikuja kumsaidia kwa mapenzi, naye akawapa kitu kidogo cha sabuni. Mimi nilikuwa tayari kufunga daftari. Mzee Kasiani akamwita kijana aliyebeba gunia, akamwuliza kwa upole jina la marehemu mama yake Severini, yaani bibi yake. Kijana hakulijua. Akamwuliza basi, nyumbani, kwenye sherehe za familia, mjomba wako unamwita nani.

"Namwita Bosi," akasema kijana.

Mzee Kasiani akaandika. Severini akacheka kuliko sisi sote, akakubali kwamba undugu ulikuwa umetiwa chumvi, na akatukaribisha chakula. Tukala mihogo yetu.

Mwaka uliofuata Mzee Kasiani alistaafu, akarudi Mahenge, akaniachia daftari. Severini naye alikuwa amesoma zaidi. Sasa aliwakubali wafanyakazi wake wote bila ubishi. Alichobisha ni sekta. Mpunga, alinieleza, ni zao. Anayepepeta zao yuko shambani, hata kama shamba liko mbali. Kwa hiyo Mama Skola alikuwa kilimo. Nilipomwonyesha kwamba mashine ile ina injini, mkanda na bomba la moshi, alikiri kuwa injini ilikuwa kiwanda, lakini Mama Skola hakuigusa injini. Zaidi ya hayo, kila asubuhi alifagia ua, na ua ule ulikuwa wa nyumba ya kuishi. Kwa saa hizo alikuwa mtumishi wa nyumbani.

Kesho yake nilikuja na saa, nikakaa kwenye gunia la pumba tangu asubuhi hadi jioni, nikiandika kila alichofanya Mama Skola na dakika alizotumia. Ilionekana kwamba kabla ya saa sita alikuwa amepita katika kazi za majumbani, kilimo, na biashara, kwa kuwa aliuza pumba mlangoni, bila kuondoka hatua ishirini kutoka alipoanzia. Nilipomsomea orodha ile aliniuliza ni sekta gani kati ya hizo inayolipa. Nikamwambia inayolipa haimo: ni viwanda, ambayo bosi wake aliiachia injini peke yake.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, na sitaki uzito huo upotee ndani ya kicheko. Mama Skola alilea watoto watatu peke yake. Mshahara wake ulitosha chakula hadi kama tarehe ishirini ya mwezi wakati wa mavuno. Masika yakiingia, barabara zikijaa maji na mchele ukipanda bei, ulifika tarehe kumi na mbili. Siku nzima vidole vyake vilikuwa ndani ya mchele bora kuliko wote nchini, na jioni alirudi nyumbani kupika ugali wa muhogo. Hakutaka nyongeza kwa ajili ya kujenga nyumba. Aliniambia waziwazi anachotaka: wanawe wale mchele anaoupepeta, bila kusubiri Krismasi. Amri iliyokuwapo haikumsaidia, kwa sababu haikutaja popote mashine za kukoboa nafaka, na Severini angeweza kubishana nami hadi nistaafu.

Kisha ikaja barua kwamba bodi ya mishahara itafika Ifakara, kwa nusu siku, katikati ya masika, kusikiliza habari za gharama za maisha na sekta zisizotajwa. Niliteuliwa katibu wa mkutano. Sijawahi kuifurahia barua ya serikali kiasi kile. Niliwakusanya wafanyakazi wa mashine, nikawaeleza kwamba nafasi kama hii haitarudi kwa miaka, na kwamba kila mmoja aandae mambo matatu: kazi anayofanya, anacholipwa, na kinachobaki. Shahidi wa kwanza, nikasema, atakuwa Mama Skola.

Wakanisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Ustaadh Shabani akauliza wageni watakuwa wangapi. Nikajibu sita, pamoja na dereva. Basi kikao kikawa cha chakula. Kulikuwa na hoja ya kuku na hoja ya samaki. Hoja ya samaki ikashinda kwa sababu ya heshima ya mto wetu. Kulikuwa na hoja ndogo ya maharage iliyokataliwa kwa aibu ya mtoa hoja. Nikasema bodi ina posho yake na hatutakiwi kuilisha. Waliniangalia jinsi walivyoniangalia miaka yote nilipokula mihogo juu ya pikipiki. Watu watoke Dar es Salaam, wapite Morogoro, wapite Mikumi, wakanyage matope ya Kidatu, halafu waondoke Ifakara na njaa? Habari hiyo ingesimuliwa hadi kwa wajukuu. Ikaamuliwa mpishi awe Mama Skola, kwa kuwa hakuna mwenye mkono kama wake. Nilikumbusha kwamba Mama Skola ni shahidi wa kwanza. Ikajibiwa kwamba shahidi atapatikana mwingine, mpishi hapatikani.

Mambo matatu niliyowaomba waandae hatukuyafikia.

Siku ya mkutano wageni walichelewa kidogo, kwa kuwa walisimama kijijini Mkula kununua ndizi. Nilipoingia ukumbi wa parokia nilipata mshtuko. Wafanyakazi wangu, ambao nilikuwa nimewazoea wakiwa na vumbi la pumba hadi kwenye kope, walikuwa wamevaa kama maharusi. Kijana wa magunia alikuwa na koti na tai. Wanawake walivaa vitenge vipya vilivyopigwa pasi mpaka vikasimama vyenyewe. Mtu yeyote aliyetumwa kuchunguza ufukara wa mji ule angeomba radhi kwa kukosea njia.

Kwa desturi yetu mkutano hufunguliwa kwa sala ya Mkristo na kufungwa kwa dua ya Mwislamu, au kinyume chake, ili asinung'unike mtu. Ufunguzi ulimwangukia Severini, kama mzee wa kanisa. Alisali kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Alimshukuru Mungu kwa bonde lenye rutuba, kwa chakula kisichokwisha na kisicho na gharama, na kwa wafanyakazi wanaoishi na waajiri wao kama watoto na baba. Ilikuwa hoja kamili ya upande wa waajiri, na iliwasilishwa mahali pekee ambapo kanuni za mkutano haziruhusu kuipinga. Tukaitikia amina.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyewahi kufundisha darasa kubwa. Alikuwa mtu mwema, na alianza kwa wema. Aliwageukia wafanyakazi akawauliza hali zao. Wakajibu kwa pamoja kuwa ni nzuri. Na maisha? Wanamshukuru Mungu. Na familia? Hazijambo. Akauliza basi, vyakula vinapatikana? Vinapatikana. Nikawakazia macho kutoka kwenye meza yangu ya katibu hadi yakauma. Niliandika kila jibu, kwa kuwa katibu haandiki anachotamani.

Ustaadh Shabani akainuka kusema kwa niaba ya wenzake. Tumaini langu likarudi, kwa sababu ni msemaji mzuri. Aliwakaribisha wageni. Aliwapa pole ya safari, akaitaja barabara yenyewe kituo kwa kituo, na pole kwa kila kituo. Aliwaombea afya. Alipofika kwenye neno "mshahara" muda wake ulikuwa umekwisha, na muda wa swala ya adhuhuri ulikuwa umeingia. Akaomba ruhusa, akaenda msikitini. Severini akasimama kwa dakika moja tu kusema kwamba yeye hana la kuongeza, bodi imesikia yenyewe. Mwenyekiti akafunga faili lake, akasema amefarijika kuona wafanyakazi wenye hali njema, na kwa kuwa amesikia harufu ya samaki tangu alipoketi, basi tukale.

Chakula kililetwa pale pale ukumbini. Sitajaribu kueleza wali ule. Ulikuwa mweupe, kila punje imejitenga na mwenzake, na juu yake samaki wa mtoni aitwaye kitoga, wa kukaangwa, mwenye mchuzi. Kila mtu akanawa. Mimi peke yangu, kwa kufuata mafunzo ya Mzee Kasiani, nilifungua mfuko wangu na kuweka mihogo mezani kando ya kalamu. Nawaomba vijana mlikumbuke jambo hili, kwani baadaye lilikuwa na maana kubwa: katika ukumbi ule wote, mkono uliokuwa mkavu, wa kushika kalamu, ulikuwa mmoja.

Mwenyekiti alikula kwa furaha. Alisema Ifakara wanaishi vizuri. Severini, aliyeketi karibu naye, akasema tumebarikiwa. Kisha mwenyekiti akaomba aitwe mpishi ili amshukuru. Mama Skola akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetupikia kweli. Mchele huu lazima niondoke nao. Gunia ni bei gani siku hizi?"

"Bei siijui, mama."

"Unaishi Ifakara, hujui bei ya mchele?"

"Mimi naupepeta. Kuununua, hapana."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Na huu tunaokula?"

"Huu tumekopa kwa bosi. Tutakatwa mwisho wa mwezi, mimi na wenzangu kumi na mmoja."

Severini aligundua wakati huo mwiba mkubwa katika samaki wake, akaushughulikia kwa uangalifu. Mwenyekiti alikuwa ameacha kutafuna. Akauliza nyumbani kwao, basi, wanakula nini.

"Masika haya, ugali wa muhogo. Mchele tunapika wakija wageni."

"Wageni wanakuja mara kwa mara?"

"Mwaka huu ninyi ndio wa kwanza."

Kalamu yangu iliendelea kuandika. Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini basi wenzake walisema hali ni nzuri, na yeye aliwauliza mara nne.

"Mgeni hajala, mama, utamwambiaje shida? Ataona unamnyima." Mama Skola akaziangalia sahani, moja baada ya nyingine, kwa jicho la mpishi. "Sasa mmekula."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, umeandika?"

Kabla sijajibu, Severini alikuwa amesimama, mkono wa kulia ukiwa na wali, na kwa heshima zote akaeleza kwamba mkutano umekwisha fungwa. Haya yalikuwa mazungumzo ya chakula. Mazungumzo ya chakula hayaandikwi. Kama yangeandikwa, nani angekula na nani? Nilikuwa nimemheshimu Severini kwa mengi, na kwa hoja hiyo nilimheshimu zaidi, kwa sababu ilikuwa sahihi. Bodi hupokea ushahidi mkutanoni. Kinachosemwa nje ya mkutano ni umbea, hata kikiwa kweli. Nilirudi nyuma katika kurasa za daftari nikiwa na moyo mzito. Niliona saa ya kufungua. Niliona sala ya kufungua, ambayo nilikuwa nimeifupisha. Nikatafuta mstari wa kufunga, ambao huwa nauandika bila kufikiri; haukuwepo.

Ustaadh Shabani alikuwa amerudi kutoka msikitini, amenawa, ameketi mbele ya sahani. Alimeza kwanza.

"Mkutano kaufunga nani?" akauliza.

"Mwenyekiti kasema tukale," akajibu Severini.

"Tukale si dua, bosi. Umefungua wewe mwenyewe, kwa sala, na watu wote tumesikia ulivyosali. Kufunga nimepangiwa mimi. Mimi sijafunga."

Severini alifungua mdomo. Kisha nikamwona akifikiria yale yatakayofuata akisema kwamba sala si sehemu ya mkutano, mbele ya paroko msaidizi aliyeketi mwisho wa benchi, baada ya kusali robo saa. Akaketi.

Mwenyekiti akaniuliza maoni yangu kama katibu. Nikasema, na nilisema polepole kwa sababu nilitaka kila neno liwe la kweli, kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu mkutano ulifunguliwa ipasavyo na hakuna mahali ulipofungwa; kwa hiyo chakula hiki chote kimeliwa ndani ya mkutano, na ajenda tuliyomo ni Mengineyo. Akaagiza sahani zibaki zilipo.

Na watu wale, kwa kuwa sasa wageni walikuwa wameshiba, wakasema. Walisema kama maji ya mto unaovunja kingo. Kijana wa magunia alivua koti akaeleza ni la nani. Kitenge kimoja kilikuwa cha dada, kingine cha jirani ambaye alikuwa anakihitaji kabla ya jioni. Sahani zilikuwa za kikundi cha kuzikana. Samaki walikuwa wa mkopo kutoka kwa mvuvi aliyesimama dirishani akifuatilia kwa makini. Mwenyekiti akauliza kama ukumbini kulikuwa na kitu chochote ambacho ni mali ya shahidi yeyote. Wakashauriana, wakakubaliana kwamba chumvi ilikuwa ya Mama Skola.

Kisha wakaeleza kazi. Walieleza vumbi, magunia, saa, na jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa shambani, nyumbani na dukani bila kuondoka uani. Mjumbe mmoja wa bodi alitaka kujua kama hilo la mwisho lilikuwa mzaha. Nikamsomea kumbukumbu zangu za siku niliyokaa juu ya pumba, dakika kwa dakika. Severini alipoulizwa alijibu kwa uaminifu kwamba Amri haikusema lolote kuhusu mashine, na mtu hawezi kutii jambo ambalo halijaandikwa. Mwenyekiti alisema hilo ndilo jambo la maana zaidi alilolisikia kwa waajiri tangu aanze ziara, akaniagiza niliandike pia.

Saa zilikwenda. Dereva wao, aliyekuwa anaihofia barabara ya Kidatu, akapiga honi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenyekiti akamwangalia Ustaadh Shabani kwa macho ya kumsihi. Ustaadh akauliza kama kuna mwenye neno. Alikuwepo. Akangoja. Alipohakikisha kwamba kila aliyekuwa na neno amelitoa, aliinua mikono na kuomba dua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika katika muhtasari, na mkutano ukafungwa.

Wiki ile nilipanda Mahenge kumsimulia Mzee Kasiani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu, kama nilikula. Nikasema sikula. Akasema nilifanya vizuri, akaniandalia chakula, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaguliwa tena, nikala.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Severini aliniita mashineni nishuhudie jambo. Alisema mbele ya wote kwamba deni la mchele wa wageni amelifuta. Ni sadaka yake. Nadhani alikuwa ameufikiria muhtasari wangu kwa muda mrefu. Kumi na mmoja walishukuru. Mama Skola alikataa. Alisema deni likatwe, na kwa kuwa nimewafundisha kwamba mshahara haukatwi bila maandishi ya mwenye mshahara, alete karatasi atie sahihi.

"Si nimekusamehe?" akasema Severini.

"Ukitusamehe, bosi, wale watakuwa wageni wako. Walikuwa wageni wetu."

Wenzake wakatazamana, wakapanga mstari, wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kushuhudia tena watu wakigombea kukatwa.

Amri mpya ilitoka baada ya miezi mingi, kama Amri zote. Sidai kwamba wali wetu ndio ulioiandika. Bodi ilisikiliza watu katika miji mingi, na huenda huko nako walilishwa. Nasema tu kwamba katika sekta ya viwanda palikuwa na mstari mmoja ambao haukuwepo zamani, unaotaja kukoboa na kusaga nafaka, na kazi zote zinazofanyika mahali pa mashine. Niliusoma mara mbili. Kisha nikaendesha pikipiki hadi kwa Severini, nikamkuta tayari ameshaupigia mstari wa penseli.

Siku ya malipo ya kwanza kwa kiwango kipya nilikuwepo kikazi. Severini alilipa bila kubakiza, na bila kununa. Mama Skola alipokea, akahesabu, akafunga pesa kwenye ncha ya kanga. Halafu hakuondoka. Alikwenda penye magunia, akapita ya chenga bila kuyaangalia, akasimama mbele ya mchele wa daraja la kwanza, ule unaopelekwa Dar es Salaam, akauliza bei.

Severini akamtajia. Mama Skola akatumbukiza mkono ndani ya gunia, akachota, akautandaza kiganjani, akautazama kwa dharau ambayo hata wanunuzi wa mjini sijawahi kuwaona nayo.

"Huu una mawe," akasema. "Punguza."

"Mawe? Skola, mchele huu si umeupepeta mwenyewe?"

"Nimeupepeta kwa mshahara wa zamani, bosi."

Walibishana kwa muda mrefu, na kwa sauti, na wenzake wakaacha kazi ili wasikose neno. Mimi niliketi kwenye gunia la pumba, nikaandika katika daftari kwamba mshahara umelipwa kwa mujibu wa Amri, nikaweka tarehe na sahihi. Suala la mawe lilikuwa nje ya mamlaka yangu.